Ukitaka kuielewa kompaila, anza na Small-C

Wengi wanaotaka kujua kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za prosesa) inavyofanya kazi hukimbilia msimbo wa GCC, kompaila kubwa ya C inayotumika leo, wakakata tamaa siku hiyohiyo. Mimi humshauri kila anayeniuliza aanze na Small-C, kompaila ndogo ya Ron Cain, iliyochapwa katika jarida la Dr. Dobb's Journal mwezi Mei 1980, kwa kompyuta ndogo za prosesa 8080.

Uzuri wake ni kwamba imeandikwa kwa C ileile inayoielewa. Toleo hilo la kwanza linajua int (namba kamili) na char (herufi), pointa (anwani za kumbukumbu), na safu za kipimo kimoja tu. Hakuna struct, hakuna for wala switch. Mizunguko yote ni while. Kwa kuwa kompaila lazima ijikompaili yenyewe, Cain hakuweza kutumia chochote ambacho hakuwa amekitekeleza. Kwa hiyo ukiijua lugha hiyo finyu, hakuna mstari utakaokushinda kuusoma.

Usiisome kuanzia juu kwenda chini. Anzia kwenye matokeo. Andika faili yenye x = a + b, zote zikiwa int za nje ya funksheni, uone asembli inayotoa, yaani amri za prosesa kwa maneno:

LHLD a
PUSH H
LHLD b
POP D
DAD D
SHLD x

Thamani ya kwanza inasukumwa kwenye steki (hifadhi ya muda), ya pili inaingia HL, ya kwanza inarudi kwenye DE (HL na DE ni rejista za 8080), kisha zinajumlishwa. Sasa tafuta kwenye msimbo ni funksheni ipi iliyoandika kila mstari. Utafika kwenye heir1 hadi heir11, kila moja ikishughulikia ngazi moja ya kipaumbele cha alama: kupachika thamani (=) kuko heir1, kujumlisha na kutoa heir8. Nilipozifuata hizo moja inaita nyingine, ndipo uchanganuzi wa semi (kama a + b) uliponiingia kichwani, na vitabu nilikuwa nimeshasoma.

Kuijenga kwenye mashine ya leo kuna mtego. Funksheni kama findglb inarudisha anwani, lakini haikutangazwa aina, kwa hiyo inahesabiwa kuwa int. Kwenye biti 64 nusu ya anwani hukatwa na programu huanguka. Ijenge kama programu ya biti 32 (-m32) kabla hujagusa msimbo wenyewe. Tafadhali usiisafishe kwanza. Ukishaibadilisha hujui tena unasoma kazi ya nani.

Kisha ifanyie mtihani wake halisi. Iache itoe asembli ya msimbo wake, iendeshe hiyo kwenye kiigizo cha CP/M (mfumo endeshi wa kompyuta za 8080), iukompaili msimbo uleule tena. Linganisha faili mbili za asembli. Tofauti yoyote, hata ya herufi moja, ifuatilie hadi chanzo chake.

Ukimaliza, nenda kwa kompaila za Dennis Ritchie, mwasisi wa C, za kompyuta ya PDP-11, za miaka ya 1972 na 1973, zinazoitwa last1120c na prestruct-c. Hizo ni ngumu zaidi: ili kubana kumbukumbu, zinaandika data juu ya msimbo wao wenyewe wa kuanzia, baada ya msimbo huo kumaliza kazi. Ukiwa umepitia Small-C, utaweza kuona hilo linapotokea.