Kuosha filta peke yake hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama kuosha filta za mafuta zilizo juu ya jiko kila Jumapili kunatosha, ilhali kikaango cha chipsi na jiko la mkaa la kuku vinatumia bomba moja la moshi. Hakutoshi, na hilo bomba moja ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Cheche za mkaa hupanda zikakutana na mafuta yaliyoganda humo ndani. Kiwango cha Marekani cha usalama wa moto jikoni, NFPA 96, kinataka jiko la mkaa au kuni liwe na bomba na feni vya peke yake. Anzia hapo.

Filta hunasa sehemu tu ya mvuke wa mafuta. Unaobaki huganda kwenye kona za bomba na mapanga ya feni. Zima kila kitu, kipoe, toa filta, mulika tochi, kwangua. Utando ukifika milimita 2, bomba lote lisafishwe hadi chuma kionekane. La mkaa likaguliwe kila mwezi. La kikaango cha usiku na mchana, kila miezi 3. Bomba lisilo na milango ya kuingizia mkono kwenye kona halisafishiki, fundi hata aseme nini.

Filta za wavu ziondoe. Weka za mabamba ya chuma, ziinuke nyuzi 45 au zaidi kutoka usawa wa sakafu, mafuta yachuruzike kwenye kikombe.

Kikaango kikiwaka, zima gesi, funika kwa mfuniko wa chuma. Maji usiguse kabisa! Kizima moto kiwe cha daraja F, yaani cha moto wa mafuta ya kupikia. Cha unga huua mwali, lakini mafuta hayapoi, yanawaka tena.