Maswali na majibu: Gyeongju si mji wa kupitia

*Tutakuwa Busan, Korea Kusini. Je, Gyeongju inatosha kwa nusu siku?*

Haitoshi, na nimechoka kulijibu swali hili. Gyeongju ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Silla kwa karibu miaka 1,000, hadi mwaka 935. Laleni huko angalau siku mbili, la sivyo bakini Busan mle samaki.

*Treni ya kasi ya KTX kutoka Seoul inafika mjini?*

Inatumia kama saa mbili, ila kituo kiko nje ya mji. Panda basi. Kile cha zamani cha mjini kilifungwa 2021, kwa hiyo tupa ramani ya shemeji yako.

*Vile vilima vya nyasi vinapandwa? Nataka picha ya juu.*

Ndugu yangu, yale ni makaburi. Nani alikufundisha kukanyaga kaburi la mwenye nchi? Utafukuzwa, na utastahili. Badala yake ingia ndani ya kaburi la Cheonmachong, kwenye bustani ya Daereungwon. Maiti aliwekwa katika chumba cha mbao, juu yake yakarundikwa mawe, kisha udongo. Mbao zilipooza, mawe yaliporomoka yakaziba kila kitu, ndiyo maana wezi walishindwa. Kaburi hilo lilifukuliwa 1973 kama la majaribio, wataalamu wajinoe kabla ya kugusa lile kubwa la jirani. Likatoa taji la dhahabu, na farasi mweupe aliyechorwa kwenye gome la mti. Mwenye kaburi hajulikani kwa uhakika hadi leo; mwongozaji akikutajia jina bila kusita, msikilize kwa sikio moja.

*Cheomseongdae ni kamnara kafupi tu. Tukiruke?*

Ni mnara wa kutazamia nyota, mita 9 hivi, tangu karne ya 7, enzi za Malkia Seondeok. Ghorofa la mtaani kwenu lina miaka mingapi?

*Hekalu la Bulguksa ni la kale kweli? Mbao zinaonekana mpya.*

Umeona vizuri. Wajapani walilichoma 1593. Mbao ni za baadaye. Tazama mawe: ngazi, na minara miwili ya uani, ndiyo kazi ya Silla. Kisha panda mlimani hadi pango la Seokguram. Buddha yuko nyuma ya kioo na picha ni marufuku, usinung'unike: wakati wa ukoloni wa Kijapani pango hilo lilikarabatiwa kwa saruji, unyevu ukalitesa miaka na miaka.

*Ni kweli kengele kuu ilitiwa mtoto ilipoyeyushwa shaba?*

Hadithi. Kengele ni ya 771, tani 19 hivi, iko uani mwa makumbusho ya taifa mjini humo.

*Twende lini?*

Wote mtasema Aprili, maua ya cheri, na wote mtalalamikia bei ya vyumba. Mimi huwaambia Novemba.