Sauti inayokauka kila Alhamisi

SWALI: Nafundisha darasa la pili, watoto 94 chumba kimoja, vipindi sita kwa siku. Jumatatu sauti iko sawa, Alhamisi imebaki mikwaruzo, Ijumaa nanong'ona. Nimekunywa tangawizi na ndimu mpaka nimechoka, na duka la dawa walinipa antibiotiki. Nifanyeje? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe. Mafua hayajui wikiendi. Sauti inayopotea kwa kazi na kurudi kwa mapumziko ni dalili ya nyuzi za sauti kuchoka, na antibiotiki haitibu uchovu. Tangawizi nayo hupita kwenye umio; nyuzi ziko njia ya hewa, kinywaji kikizifikia unapaliwa. Maji huzilainisha kwa kupitia mwilini, tena taratibu, kwa hiyo anza kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi.

Mwanamke anapoongea, nyuzi hizo hugongana mara 200 hivi kwa sekunde. Ukipaza sauti zinagongana kwa nguvu zaidi, zinavimba, na miezi ikipita huota vinundu, kama sugu za mshika jembe. Kunong'ona kwa nguvu hakuzipumzishi, huzikaza. Kujikohoza kusafisha koo nako ni kuzigonganisha, meza mate.

Zoezi letu ni la mrija. Tia maji nusu glasi, zamisha ncha ya mrija sentimita 2, kisha puliza huku ukitoa sauti ya "uuu" ya chini. Midomo ibane mrija, hewa isitoke puani. Mapovu yatoke mfululizo. Yakikatikakatika, pumzi haijatulia. Shingo ikikaza, unasukuma mno. Ukishazoea, pandisha na kushusha sauti polepole kama king'ora. Fanya kwa dakika 2 au 3 kila mara: kabla ya kipindi cha kwanza, wakati wa mapumziko, na baada ya kipindi cha mwisho. Maji hurudisha msukumo kooni, nyuzi zikatetema bila kupigana.

Darasani usishindane na watoto 94. Piga makofi kwa mpigo, wakuitikie kwa makofi, uongee wakishanyamaza. Usifundishe huku ukiandika: sauti inaishia ubaoni na vumbi la chaki unalivuta wewe. Mvua ikipiga bati, wape kazi ya kuandika tu.

Mikwaruzo ikipita wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi kwa kamera. Ukitema damu, ukimeza au kupumua kwa shida, au ukiona uvimbe shingoni, nenda leo.

SWALI: Pipi za mentoli je? – Mwalimu wa sekondari, Tanga

JIBU: Zinapoza koo, lakini hazizifikii nyuzi za sauti. Mbaya zaidi, koo likipoa unajiona umepona, unarudi kupiga kelele.