Mnunuzi Yuko Ujerumani, Kodi ni ya Nani?

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Nipo Uyole, Mbeya. Nauza mtandaoni programu ya hesabu za stoo kwa euro 20 kwa mwezi. Wateja wengi ni watu binafsi wa Ujerumani na Hungaria, wachache wa Uingereza. Hapa nyumbani sijafikia kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Je, huko nadaiwa?

JIBU: Ndugu yetu, unadaiwa, tena tangu mauzo ya kwanza. Kiwango cha shilingi milioni 200 kwa miezi 12 ni cha TRA, ng'ambo hakikukingi. Huduma ya kidijitali inayouzwa kwa mtu binafsi hutozwa VAT ya anakoishi mnunuzi. Ile nafuu ya euro 10,000 inayotajwa sana ni ya biashara zilizo ndani ya Umoja wa Ulaya.

Huhitaji kujisajili nchi moja moja. Upo mfumo wa OSS (One Stop Shop, yaani dirisha moja la kulipia VAT ya nchi zote za Umoja) kwa wauzaji walio nje ya Umoja: unachagua nchi mwanachama moja (Ayalandi ina urahisi wa Kiingereza), unapewa namba inayoanza na EU, unajaza ritani kila robo mwaka. Ya Januari hadi Machi mwisho wake ni 30 Aprili, pamoja na malipo. Hata usipouza kitu, jaza sifuri. Ukituma fedha, iagize benki ikutoze wewe gharama zote. Zikikatwa njiani, kodi inafika pungufu na inahesabika deni. Uingereza haimo: huko unajisajili HMRC, mamlaka yao ya kodi, na VAT ni asilimia 20.

Wengi huteleza kwenye hesabu. Kama euro 20 ni bei yenye kodi ndani, usizidishe kwa asilimia 19 ya Ujerumani, utapata 3.80 na utalipa zaidi ya unachodaiwa. Gawanya 20 kwa 1.19: chako ni 16.81, kodi 3.19. Hungaria ni asilimia 27, kwa hiyo chako ni 15.75 tu. Hiyo kodi itenge siku ileile. Si mapato yako, na ukishaila utaitafuta mwisho wa robo.

Kwa kila mauzo hifadhi vithibitisho viwili vinavyokubaliana kuhusu nchi ya mteja: anwani ya ankara, nchi ya benki iliyotoa kadi, au anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa chake mtandaoni). Kumbukumbu zitunzwe miaka 10. Hili lipange kwenye mfumo wako leo, kwa sababu IP ya mauzo ya mwaka jana hutaipata tena. Mteja akiwa kampuni, omba namba yake ya VAT, ihakiki kwenye VIES (tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kuhakiki namba hizo), tunza majibu. Hapo humtozi, kodi anajihesabia mwenyewe.

SWALI: Mimi nipo Iringa, wateja wangu ni wa Marekani. Nifanyeje?

JIBU: Dada, Marekani haina VAT, kila jimbo lina sheria yake. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 2018 katika kesi ya duka la mtandaoni la Wayfair, jimbo linaweza kukudai hata kama huna ofisi pale, ila mara nyingi mpaka mauzo yako humo yafike kiwango fulani: dola 100,000 South Dakota, 500,000 Texas. Texas hutoza programu za mtandaoni, California kwa kawaida haizitozi. Kwa hiyo weka jedwali la mauzo kwa jimbo, ulitazame kila mwezi.

Mkiwa na wateja wachache katika nchi nyingi, sisi tungewashauri nyote wawili muuze kupitia kampuni inayokuwa muuzaji kisheria, mfano Paddle au FastSpring. Yenyewe hutoza na kulipa kodi hizo, nanyi mnakatwa kamisheni. Kwanza ulizeni kama inalipa akaunti za Tanzania. Mtoa huduma wa kupokea kadi tu hafanyi kazi hiyo; kodi inabaki juu yenu. Na kodi ya mapato ya TRA ipo palepale kwa njia zote mbili.