Ain si ritifaa: kwa mnaoanza isimu

Wadogo zangu mnaoanza isimu, hamtamaliza mwaka kabla ya kukutana na ain, herufi ya 18 ya alfabeti ya Kiarabu, ndani ya kitabu cha Kiingereza. Shida ni kuitambua. Ukurasa huu imeandikwa ʕ, ukurasa ule ʿ, na katika majina ambayo Kiingereza kimeyazoea, kama Iraq, Oman na Saudi, haionekani kabisa. Kijana wa Cairo naye akiandika ujumbe kwa herufi za Kilatini huweka tarakimu 3, maana inafanana na ع, umbo la ain, iliyogeuzwa.

Zitenganisheni alama hizo mapema. ʕ ni ya sauti, imo katika Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, na mahali pake ni ndani ya mabano ya mraba [ ] au mikwaju / /. ʿ ni ya herufi: inakueleza Mwarabu ameandika nini, lakini haikuhakikishii ametamka vipi. Ukiandika [ʿ] kwenye tasnifu, msimamizi makini atajua hujaamua kama unazungumzia maandishi au matamshi.

Kuhusu sauti, vitabu vitawaambia ni kikwamizo ghuna cha koromeo, yaani sauti ya mkwaruzo kooni huku nyuzisauti zikitetemeka. Likaririni hilo kwa ajili ya mtihani, kisha mkasikilize watu. Wazungumzaji wengi huitamka bila mkwaruzo wa kusikika, karibu na kiyeyusho, kama w au y. Sibawayhi, mwanasarufi wa Kiarabu, katika karne ya 8 alikwisha kuiweka kati ya sauti kali na sauti legevu, na kwa maoni yangu maelezo yake yanaikaribia sauti yenyewe kuliko jedwali la vitabuni. Asiyeweza kuitamka aanze na ح, ha ya kooni: aivute kwa muda, halafu atetemeshe nyuzisauti bila kuhamisha koo. Waliopita madrasa wana faida hapa, kwani walishafundishwa kwamba makharija, yaani mahali pa kutokea, ya hizo mbili ni katikati ya koo.

Mtego mkubwa zaidi ni hamza, alama nyingine ya Kiarabu (ء). Sauti yake ni ʔ, kipasuo cha glota, yaani pumzi inayozibwa kooni na kuachiwa ghafla, ambacho Waingereza wengi wa London wanacho bila kuwa na herufi yake. Ndicho wanachotamka katikati ya neno "butter". Katika unukuzi wa herufi za Kiarabu kwa Kilatini, hamza ni ʾ, na ain ni ʿ, iliyofunguka upande wa kulia kama c ndogo. Ukitumia ritifaa ya kawaida kwa zote mbili, msomaji hana njia ya kuzitofautisha. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna balaa la ziada, kwa sababu ritifaa yetu ina kazi nyingine kabisa katika ng'ombe. Kwenye Word, andika 02BF kisha bonyeza Alt na X, utapata ain. 02BE itakupa hamza. Dakika moja tu, na unakwepa usahihishaji wa sura nzima.

Kufanana kwa alama hizo kuna historia. Umbo la ء limetokana na kichwa cha ع, na anayesifiwa kwa kulibuni ni al-Khalil ibn Ahmad, mwanazuoni wa Basra mwenye asili ya Oman. Huyohuyo alipopanga kamusi yake kwa kufuata mahali pa matamshi, akianzia kooni kuja midomoni, alianza na ain, ndiyo maana inaitwa Kitab al-ʿAyn.

Mkifanya utafiti hapa kwetu, chungeni majina ya Kisomali. Tangu Kisomali kilipopewa tahajia rasmi ya Kilatini mwaka 1972, ain huandikwa c. Cali ni Ali na Cabdi ni Abdi, kwa hiyo anayesoma "Kali" na "Kabdi" kwenye orodha ya wasailiwa wake ameharibu data kabla hajawasha kinasa sauti. Kwa maneno ya Kiswahili, tazameni saa, maana na baada: ain iliyokuwamo katika Kiarabu imetoweka, na mahali pake mnasikia irabu ndefu. Msiweke ʕ katika unukuzi wa maneno hayo kwa sababu tu kamusi inataja asili yake. Iwekeni pale tu msailiwa wenu alipoitamka.