Kabla Hujaisugua Rupia ya Nyanya

Nyanya yangu alipofariki tulikuta kopo la biskuti chini ya kitanda chake kule Kibokoni, Mombasa, na ndani yake pesa zilizofungwa fundo kwenye kipande cha leso. Reale moja kubwa, ile sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria; rupia mbili za India za Malkia Victoria; na shilingi za simba, zile za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni, kama kumi na tano. Zote nyeusi kama sufuria ya makaa. Nikafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: nikachukua majivu na ndimu, nikaisugua rupia moja mpaka ikawaka, kisha nikaenda nayo mbio kwa sonara mmoja mzee wa Mji wa Kale.

Aliigeuza mara moja tu.

"Umeiosha?"

"Ndiyo, ami. Ilikuwa chafu."

"Ule si uchafu, mwanangu. Ile ndiyo nguo yake, nawe umeivua. Hiyo nyengine usiiguse."

Akaiweka kwenye mizani, akanipa bei ya fedha ya kuyeyusha, kwa gramu. Niliondoka nimenuna. Lakini hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze kujifunza, na tangu hapo jamaa na majirani huniletea makopo yao niwaangalizie.

Weusi ule ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani. Ni utando mwembamba sana, na ukitua taratibu kwa miaka mingi huwa na rangi za kupendeza: kahawia, zambarau, samawati. Anayejua sarafu huutafuta, maana ndio ushahidi kwamba hakuna aliyeikwangua. Ukiusugua kwa majivu, hauondoki peke yake. Unaondoka pamoja na ngozi ya sarafu.

Kwa hiyo mimi naanza na mwanga. Nazima taa ya mrija, nawasha balbu moja, naishika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, kisha naiinamisha polepole. Sarafu ambayo haikutumika sana ina mng'aro unaozunguka kama miali ya gurudumu unapoichezesha. Iliyosuguliwa inang'aa pia, tena sana, ila mng'aro wake umeganda mahali pamoja kama wa kijiko kipya. Sogeza kioo cha kukuzia (cha mara 10 kinatosha) na utaona mistari myembamba iliyolala upande mmoja, kama ua lililofagiwa alfajiri. Mikwaruzo ya sokoni haina mpango. Inakwenda kila upande.

Ndipo natazama ilivyolika. Sarafu hulika kwanza pale palipoinuka, na kila moja ina mahali pake. Kwenye rupia ya Victoria ni taji, nywele za juu ya sikio, na mapambo ya nguo kifuani. Kwenye reale ni nywele na bega la Maria Theresa, na upande wa pili manyoya ya kifua cha tai mwenye vichwa viwili. Kwenye shilingi ni manyoya ya shingo ya simba na bega lake. Lakini hapa wengi huteleza, nami niliteleza: si kila palipofifia pamelika. Pengine chapa yenyewe haikugonga sawasawa tangu kiwandani. Palipolika huwa laini na pamebadilika rangi, pana ukijivu uliokufa. Pasipogongwa vizuri bado pana ule mng'aro wa asili, japo mchoro haupo.

Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70 alichokibuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikuwahi kuingia mkononi mwa mnunuzi wa samaki. 40 hivi imelika kwenye vilele tu. 20 au 30 michoro mikubwa yote bado inasomeka. Mimi sitoi namba. Nasema imelika vileleni, imelika nusu, au imebaki kivuli. Ukimwambia mnunuzi hivyo, ukamtajia na kasoro zake, atakuheshimu kuliko ukimwambia "iko safi kabisa".

Kwetu pwani kuna kasoro moja ya kuitazamia hasa. Reale nyingi ziligeuzwa mapambo, zikatobolewa au kulehemiwa kipete cha kupitishia mkufu, kisha kipete kikang'olewa. Reale halisi ina maandishi yaliyoinuka kwenye ukingo: IUSTITIA ET CLEMENTIA. Niliizungusha ya nyanya mbele ya taa nikiyasoma herufi kwa herufi, na juu ya kichwa cha malkia, herufi mbili zilikuwa zimefutika, mahali pake pana ulaini wa tupa na doa la lehemu. Basi nyanya aliivaa, au mama yake. Kwa mnunuzi hiyo ni hasara kubwa. Mimi ilinifurahisha kuliko bei.

Usibabaishwe na mwaka pia. Karibu reale zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, kwa sababu zilirudiwa na kurudiwa Vienna, London, Bombay na kwengineko. Uzito ndio husema: gramu 28.07, na fedha ni sehemu 833 kwa 1,000. Rupia ni gramu 11.66, sehemu 917. Iliyolika hupungua kidogo, lakini niliwahi kuuziwa reale ya gramu 23 na nukta, yenye ukingo wa meno meno kama shilingi, na nililipa kwa sababu ilikuwa jua kali na muuzaji ana haraka. Mizani ndogo ya kielektroniki ingeniokoa siku ile. Sumaku nayo uwe nayo: ikinata, rudisha. Isiponata bado hujui, kwani shaba na risasi hazinati vilevile.

Shilingi za simba ndizo zinazoniletea ugomvi na watu, maana kila mtu ameambiwa ni mamilioni. Zile za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha. Za 1948 kuendelea hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Nyingi zimetembea masokoni mpaka simba amekuwa paka. Iliyobaki kali kweli, yenye kila unywele wa simba, hiyo itenge.

Kuhusu kuhifadhi: hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mifuko laini ya plastiki huacha ute wa kijani juu ya sarafu. Mimi natumia bahasha ndogo za karatasi, ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Ile rupia ya pili imeanza kuwa ya samawati ukingoni. Mama kila akiiona huniuliza kama ndimu zimeadimika.