Maswali ya Wasomaji: Kiingereza cha Askari wa Marekani Magazetini

SWALI: Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Katika ukurasa wa gazeti la Kimarekani la wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari anasimulia hivi: "I sez to the looey, I ain't gonna do it." Ni makosa ya wachapaji? Na kwa Kiswahili niandikeje?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Wachapaji hawana kosa, Mwalimu. Tahajia hizo ziliwekwa makusudi, ila si za aina moja, na hapo ndipo wengi huteleza. "Gonna" ni sauti halisi: "going to" ikisemwa haraka hubanwa hivyo, kama sisi tunavyosema "ntakuja". "Sez" haibadilishi sauti hata kidogo, maana "says" sanifu hutamkwa vivyo hivyo. Imeandikwa hivyo ili jicho limwone msemaji kuwa hakukaa sana darasani. Ni kama kijana wa Mwanjelwa anayeandika "xaxa" kwenye simu. Mdomoni ni "sasa" ileile. "Wuz" na "wimmen" ni za kundi hilo. Mwanafunzi akihangaika kuzitamka kwa namna ya pekee, mrudishe.

Kabla ya kufasiri, isanifishe kwanza sentensi nzima kwa Kiingereza. "Looey" ni luteni, kwa mkato wa utani. "I sez" iko katika wakati uliopo ingawa jambo limeshapita. Masimulizi ya mtaani ya Kiingereza huenda hivyo. Ukiandika "nasema", msomaji atadhani maneno yanatoka sasa hivi. Sisi kazi hiyo ya kusimulia tunakipa kiambishi -ka-. Kwa hiyo: "Nkamwambia luteni, mi sifanyi." Ulegevu wa "nkamwambia" na "mi" unatosha, "ain't" haihitaji neno lake. Nimechagua "sifanyi", si "sitafanya", kwa sababu huyu anagoma, hatabiri.

Kuna mitego miwili. Ukimpa askari wa 1944 neno kama "mshkaji", umemtoa vitani na kumshusha stendi ya Nane Nane. Mtego wa pili unavutia zaidi: kutumia Kikeya, kile Kiswahili cha KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, cha "mimi hapana fanya", kwa kuwa nacho ni cha askari wa zama hizo. Usikitumie. Kikeya kilisemwa na watu waliokutana na Kiswahili kambini, na Mmarekani huyu anasema lugha ya mama yake, tena kwa ufasaha wa kwao.

SWALI: Kamusi yangu inasema GI, yaani askari wa Marekani, ni kifupi cha "Government Issue". Ni kweli?
Msomaji, Uyole

JIBU: Hiyo ni maana ya pili. Ya kwanza ni bati. Makarani wa jeshi waliandika GI kwenye orodha za vifaa kwa maana ya "galvanized iron", chuma kilichopakwa zinki, hasa mapipa ya taka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wakayaita makombora mazito ya Wajerumani "GI cans". Baadaye herufi zilezile zikasomwa kuwa ni mali ya serikali, zikaenea kwenye sabuni na viatu, hatimaye kwa mvaa viatu mwenyewe. Neno hili lafaa pia kukadiria umri wa ukurasa usio na tarehe: askari akiitwa "doughboy", fikiria kwanza 1917 na 1918, akiitwa GI, elekea 1942 hadi 1945, miaka ya jarida la Yank lililoandikwa na askari wasio maofisa.

SWALI: "Snafu" ni nini?
Mwanafunzi, Njombe

JIBU: Ni herufi za mwanzo za "Situation Normal, All Fouled Up". Kambini ile F ilikuwa tusi. "Fouled" ni sabuni ya wahariri. Ifasiri "Hali ni ya kawaida: kila kitu hovyo", kwa mpangilio huohuo. Kejeli imekaa kwenye "kawaida", inayoiga taarifa rasmi ya jeshi, kwa hiyo ukitanguliza "hovyo" utani umekufa.